Nukta Moja Ndani ya Kifuniko

Jumatatu, 4 Machi

Winchi ya kuvutia magogo imeshushwa asubuhi, winchi tupu bila mashine yake. Mwenye winchi ni mkata magogo, mgeni katika kazi hii. Kainunua kwa muuza vyuma chakavu pamoja na tingatinga kuukuu, anataka vyote viamke. Nikamwuliza ni winchi ya aina gani. Akasema ya njano. Ya njano! Mungu nipe subira. Chini ya hiyo njano kuna kijani, chini ya kijani kuna nyekundu. Watu hawa wakiona namba wanaona mahali pa kupaka rangi.

Kibati cha namba hakipo. Pamebaki mashimo manne tu. Nimeyatazama sana. Mwizi hung'oa kwa patasi, anaacha makovu. Hapa ribiti zilizokibana zimetobolewa kwa drili ndogo, katikati kabisa, chuma cha pembeni hakina hata mkwaruzo. Aliyekitoa alikuwa na adabu.

Baba akaburuta kiti chake kuja kuangalia. Sikio lake la kushoto limekufa, na la kulia anachagua la kulisikilizisha. Akasema huyu amekuja bila cheti cha kuzaliwa, haya, mwenye macho, tuambie ni mtoto wa nani.

Mwenye macho ni mimi. Tena akasema mbele ya mteja: winchi hii ikitoka langoni imepona, anamwita mchora mabango aongeze maneno mawili kwenye ubao wa nje. "Na Binti." Miaka kumi nayangoja maneno hayo! Nikajitia hamnazo, nikaendelea kufuta grisi. Moyoni ni sherehe.

Jumanne, 5 Machi

Nimepima siku nzima. Upana wa dramu ya kukunjia waya, urefu wa ekseli, nafasi kati ya bolti na bolti. Nimehesabu meno ya gia mara tatu, maana mara ya pili Baba alinisemesha nikapoteza hesabu. Kumi na tano kwa arobaini na sita.

Kwa hiyo ni mmoja wa wale pacha. Hapo ndipo kazi inapoanza. Kuna tingatinga ambazo shafti ya nyuma, chuma kinachoizungusha winchi, huzungukia kulia, na kuna ambazo huzungukia kushoto, basi watengenezaji wakatoa winchi mbili zinazofanana kama mayai. Tofauti iko kwenye breki tu. Mkanda wa breki unalizunguka gurudumu lake. Ncha moja inafungwa kwenye pini isiyosogea, ya pili kwenye wenzo. Ukifunga ncha inayotakiwa, gogo likivuta, uzito wake wenyewe unaukaza mkanda. Ukifunga nyingine, breki inashika vizuri tu pasipo na mzigo. Hata ukiijaribu hapa karakanani inakuchekea. Siku gogo likivuta kwelikweli, mkanda unaachia.

Kibati ndicho husema. Namba ikiishia 2 ni ya kulia, ikiishia 5 ni ya kushoto. Bila kibati lazima nimpindue huyu mnene, namba nyingine imo kwenye chuma chenyewe, tumboni.

Saa kumi akaja Taratibu, dereva wa tingatinga. Jina hilo alijipa mwenyewe baada ya mguu wake kuvunjika, kwa jinsi anavyotembea: hatua, buruta, hatua. Hukaa kwenye kreti letu kila wiki, anakunywa chai yetu na kututukana. Leo ana habari. Mkata magogo wa njano amemwajiri! Atakaa mbele ya winchi hii. Akaipiga teke kwa mguu mzima, akasema fungeni vizuri, mguu wa akiba nilionao ni huu mmoja tu. Tukacheka. Baba hakucheka sana.

Jumatano, 6 Machi

Tumempindua kwa mnyororo. Mafuta ya taa, brashi ya waya, rangi tatu zikatoka moja baada ya nyingine. Nikapaka chaki ubapa, nikamulika tochi kwa pembeni. Tarakimu zikainuka.

Inaishia 2. Ya kulia!

Nikapiga kigelegele peke yangu. Baba akauliza nani ameolewa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefungua kifuniko cha breki.

Mkanda umefungwa kushoto. Winchi ya kulia, mkanda wa kushoto. Nilisema kwa sauti, mjinga gani huyu?

Kisha nikageuza kifuniko.

Tuna desturi humu, aliianza Baba. Fundi akimaliza kazi, anapiga alama yake upande wa ndani wa kifuniko, pale ambapo mteja haoni, na mwezi na mwaka. Baba nukta tatu. Mimi mbili. Mdogo wangu moja.

Ilikuwa moja. Mwezi wa saba, miaka tisa iliyopita.

Nimekaa chini, sakafuni, kwenye oili. Ni ile.

Ijumaa, 8 Machi

Jana sikuweza kuandika zaidi. Leo naandika wakati wa chai. Wamezoea. Baba husema huyu hata akipiga chafya ataandika.

Mdogo wangu tunamwita Nati, tangu alipomeza nati akiwa na miaka minne na Mama akakesha siku mbili akiingoja itoke. Alikuwa fundi kuliko mimi. Naandika hivi kwa kuwa hakuna anayesoma. Anasikiliza beringi kwa bisibisi sikioni, anakwambia imebakiza wiki ngapi.

Mwezi ule wa saba alifunga breki ya winchi hii. Wiki mbili baadaye, huko msituni, gogo likarudi nyuma kwenye mteremko, waya ukafyatuka wote ukaiacha dramu tupu, mguu wa dereva ukavunjika mahali pawili. Dereva ndiye huyu Taratibu. Baba na Nati wakaenda kuitazama. Baba alitazama shafti inavyozunguka, akafungua, akakuta mkanda uko kinyume. Akauliza nani amefunga. Nati akasema mimi. Hakuongeza neno. Baba akamwambia huna mkono wa winchi, kashike vyerehani.

Akaenda kushika vyerehani kweli! Ana kibanda chake mjini, mwendo wa saa tatu kwa basi. Hajarudi. Ile mashine iliuzwa kama chakavu bila kutengenezwa, na leo hii hapa, kama alivyoiacha.

Na mimi je? Siku anafunga begi nilisimama mlangoni nikamwambia: umeniaibisha. Ndiyo kwanza nimeingia karakana ya wanaume, nawe unaniharibia jina. Nilimwambia hivyo. Naye akaniangalia tu.

Baba ameniuliza umekuta nini ndani. Nikasema grisi iliyoganda. Ni uongo wangu wa kwanza humu karakanani, na ulinitoka laini.

Kuna kitu kinanikera. Nati hakosei upande. Mtu anayesikia beringi hakosei upande. Nani alimwambia ya kushoto?

Ijumaa hiyohiyo, mchana

Nimelipata daftari la kazi la mwaka ule, juu ya rafu ya vichujio, limeliwa pembe na panya. Kazi ya kuandika karatasi za kazi ilikuwa yangu. Juu karatasi ya fundi, chini nakala ya kaboni.

Mwezi wa saba. Wino wa bluu uliofifia. Mwandiko wangu, yale maherufi yangu yaliyolala kama yamechoka. "Kibati kinaishia 5. Ya kushoto. Mkanda ufungwe ncha ya kushoto."

Ukurasa unaofuata, siku hiyohiyo: "Kibati kinaishia 2. Ya kulia. Badilisha sili ya oili tu, breki isiguswe."

Pacha wawili kwa wakati mmoja. Nakumbuka sasa. Mimi ndiye niliyezipaka rangi kabla ya kazi kuanza. Nikatoa vibati vyote viwili visiharibike, nikavitia kwenye kopo moja. Kopo moja! Rangi ilipokauka nikavirudisha, ribiti nne nne, safi kabisa, nikajisifu. Kisha nikaandika karatasi kwa kusoma vibati.

Nilimvika kila mmoja jina la mwenzake.

Si Nati. Ni mimi.

Jumapili, 10 Machi

Nyumbani. Mama anachambua mchele, mimi nakunja nguo ambazo nimeshazikunja.

Nikamwuliza kijuujuu, hivi Nati alisema nini siku ile aliporudi kutoka msituni? Mama hakuinua kichwa. Alisema hakula. Mama alimbana, mbona umekubali kirahisi, jitetee mwanangu. Naye akajibu maneno ambayo Mama hajawahi kuyaelewa: dada ndiyo kwanza ameanza.

Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo. Kamba ilikuwa tupu.

Ile drili ndogo. Yale mashimo manne yenye adabu. Kibati alikitoa yeye kabla Baba hajakisoma! Alijua. Miaka tisa anajua, na kila sikukuu anamwambia Mama kwenye simu, msalimie dada.

Jumatatu, 11 Machi

Niandike ukweli wote, kwani namficha nani.

Leo nilishika tupa. Nukta moja ni kazi ya dakika mbili. Kuisugua, kugeuza mkanda, kufunga kifuniko, kupiga nukta zangu mbili. Daftari la kaboni panya wanamalizia wenyewe. Winchi itakuwa salama vilevile, Taratibu atakuwa salama vilevile, mchora mabango atakuja na kopo lake la rangi. Hakuna mtu angeumia. Hakuna mtu mpya, yaani.

Niliiweka tupa juu ya nukta. Nikasikia kiti cha Baba kikiburutwa huko nyuma.

Nimeirudisha tupa mahali pake. Sijui kama ni wema au ni woga. Halafu nimefanya kazi ya mikono: nimetoa bitana kuukuu ya mkanda, ile inayokwaruzana na gurudumu, nimekata mpya, nimepiga ribiti ishirini na nne. Ukipiga ribiti huwezi kuwaza sana. Nimeshukuru.

Taratibu alipita. Akauliza inaendeleaje mke wangu mtarajiwa. Akasimulia tena, kama kawaida, habari za yule fundi vyerehani aliyemshonea mguu, ndivyo anavyomwita Nati. Nimeisikia mara mia. Leo kila neno limenipata.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwambia Baba.

Nilimngoja anywe chai kwanza. Nikaweka kifuniko mezani, nikaweka daftari, nikasimama upande wa sikio zima. Nikasema yote, kopo, rangi, vibati, karatasi. Sikutia chumvi, sikupunguza.

Alisoma nakala kwa kidole, herufi moja moja. Akapapasa ile nukta. Halafu akaenda bombani akanawa mikono. Akarudi, akatazama, akaenda akanawa tena. Mikono ilikuwa safi tangu mwanzo.

Akachukua kofia yake akaondoka. Saa nne asubuhi! Baba hajawahi kuondoka saa nne asubuhi.

Jumatano, 13 Machi

Amekuja kabla yangu. Nimemkuta kwenye kiti, kifuniko kiko mapajani. Akasema: "Mwite."

Basi. Neno moja.

Nikauliza, na mchora mabango? Akanitazama kama mtu aliyesahau hiyo kazi ipo. Akasema ubao hauendi popote.

Nilipiga simu nyuma ya mapipa ya oili chakavu. Iliita mara tano. Nikasikia cherehani kikinguruma, kisha kikanyamaza. Akasema dada? Akauliza Mama mzima? Maana mimi kumpigia, lazima kuna msiba. Nikasema wote wazima. Nikasema, nimefungua winchi ya miaka tisa. Nikasema, haina kibati.

Akasema, ahaa.

Kisha akauliza, bitana umekata ya unene gani? Nikamwambia. Akasema sawa, lakini nipunguze kidogo mwanzoni mwa ncha, isije ikauma. Yuko sahihi, mpuuzi huyu! Nikalia. Akasema atakuja Jumamosi, ana gauni la bibi harusi la kumaliza.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepunguza bitana kwenye ncha. Mkanda umefungwa kulia. Nimeangalia mara nne. Nikamwita Baba naye aangalie. Akaangalia, akasema ndiyo. Ndiyo ya kwanza tangu Jumanne. Nimeiweka moyoni.

Kifuniko hakijafungwa. Kinangoja.

Jumamosi, 16 Machi

Naandikia juu ya kreti. Tumeifunga winchi kwenye injini yetu ya kujaribia, waya umekamata bonge la zege kwenye mteremko wa nyuma ya karakana, breki peke yake ndiyo inalishikilia. Baba anataka lishikiliwe saa nzima. Nimechora mstari wa chaki kwenye dramu, nausogelea na kuusogelea. Zimebaki dakika kumi na mbili.

Nati alifika saa tatu. Alipiga hodi. Hodi! Kwenye karakana aliyojifunzia kutembea. Amenenepa, ana mvi pembeni, vidole vimekuwa laini. Akamwamkia Baba shikamoo. Baba akasema marahaba, akamtazama sana, akasema umefanana na mama yako. Halafu akamsogezea kiti chake. Kile kiti hakuna mtu anayekikalia.

Mimi nilikuwa nimepanga maneno tangu Jumatano, yote yakaniponyoka. Nikasema, nisamehe mdogo wangu. Ile aibu niliyokutupia mlangoni ilikuwa yangu. Akacheka, akafuta jicho kwa mkono wa shati, akasema dada, ulikuwa umechora nyusi vibaya siku ile, sikuweza kukuchukia. Kichaa!

Akatia mkono mfukoni. Kitambaa cha ushonaji, kimekunjwa. Ndani yake kibati. Kinaishia 5. Alisema alikitoa kwa drili ya mkono wakati Baba bado yuko kambini akisikiliza habari za ajali. Mara nyingi alitaka kukitupa mtoni, akashindwa, namba ni namba. Nikamwuliza kwa nini hukusema. Akasema kwa sababu mimi wangenifukuza kwenye winchi tu, wewe wangekufukuza kwenye kazi yote. Wangesema si tulisema mwanamke.

Baba alikichukua, akakisogeza jichoni, akakigeuza. Akasema miaka tisa. Akageukia ukuta wa spana, akakaa amezitazama muda mrefu, mabega yake yanapanda na kushuka. Hatukumsogelea. Hatujui kumsogelea.

Aliporudi alikuwa na patasi ya nukta na nyundo. Akampa Nati, akamwambia piga alama yako. Nati akaipokea, akanipa mimi. Alisema, zako ndizo hazipo hapa.

Nimepiga nukta mbili pembeni ya ile moja ya zamani. Ya pili imekaa upande. Baba akasema iache hivyohivyo. Kisha Nati akapiga yake mpya, na mwezi na mwaka. Tumefunga kifuniko wote watatu, bolti nane, Baba akikagua kila moja.

Dakika sita. Mstari haujasogea hata unene wa kucha.

Lango limelia. Hatua, buruta, hatua. Ni Taratibu, amekuja kuchukua winchi yake. Hajui ni ipi. Hajui lolote. Nati ameninong'oneza, niachie mimi, huyu amezoea kunichukia, hakuna kitakachoongezeka. Nikamwambia thubutu.

Ameingia akiimba. Amemwona Nati. Anatazama bonge la zege, anatazama waya, anamtazama Nati kuanzia viatu hadi mvi. Sasa anauliza, polepole, bila utani hata chembe, siku ile na leo, nani amefunga breki.

Nati amefungua mdomo. Baba amemshika mkono. Ndiyo mara ya kwanza kumgusa tangu afike, na amemshika kweli, vidole vimezama kwenye shati.

Wote watatu wananitazama mimi, na kalamu bado iko mkononi.